Dari ya chini ya deki: maswali ninayoulizwa kila kiangazi

Nafanya useremala Maryland, Marekani, na kuanzia mwezi wa nne mpaka wa tisa simu zangu nyingi zinahusu jambo moja. Mtu amenunua nyumba yenye deki nyuma, yaani jukwaa la mbao lililoinuliwa na kushikizwa ukutani, chini yake pana nafasi nzuri ya kuweka viti na meza, lakini mvua ikinyesha maji yanapenya kati ya mbao na kumlowesha yeye na wageni wake. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mnisamehe kwa neno lenyewe: najua kwetu deki hupigwa kwa maji na tambara, na ya melini ni sitaha, lakini huku kila Mswahili anasema deki na tunaelewana.

Dari ya namna hii ina kazi gani hasa?

Kazi ni mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuzuia maji. Ya pili ni kuficha boriti, misumari na nyaya ili ukiinua macho uone kitu cha kupendeza. Kuna dari zinazofanya ya kwanza tu, kuna zinazofanya ya pili tu, na chache zinafanya zote mbili. Mtu akiniambia "fundi, nataka dari," namrudishia swali: unataka kukaa pakavu, au unataka papendeze? Anayetaka papendeze tu, akapigilia mbao nzuri chini ya boriti, maji yatapita kama kawaida, ila sasa yatatuama juu ya mbao zake na kuozesha boriti kimyakimya.

Na maji yenyewe si kidogo. Deki ya futi 12 kwa 20 ikipata mvua ya inchi moja imepokea galoni kama 150, yaani madebe 28 ya lita ishirini ishirini. Madebe hayo yote lazima yapate pa kwenda.

Nisiweke tu bodi za jipsamu kama za sebuleni?

Hapana. Jipsamu ikinywa maji inavimba, inalegea, inaanguka, na kabla ya kuanguka inaota ukungu mweusi. Hata zile za kijani za bafuni zimetengenezwa kuvumilia unyevu, si mvua. Plywood nayo huachana matabaka.

Kuna mifumo ya aina ngapi?

Ukiacha majina ya kibiashara iko mitatu, na kinachoitofautisha ni mahali maji yanapokamatiwa.

Wa kwanza unayakamata juu ya boriti. Kabla mbao za sakafu hazijapigwa, fundi anatandaza mikeka ya plastiki juu ya boriti, ikilala kama mfereji kila katikati ya boriti mbili. Maungio anayaziba kwa tepu ya butili, mpira unaonata, na mwisho wa kila mfereji anaweka kikombe kinachoshusha maji kwenye gata, ule mfereji wa ukingoni. Unaouzwa kwa jina la Trex RainEscape ni wa namna hii. Boriti zinabaki kavu, na hiyo ndiyo sababu naupenda. Chini yake unaweza kuweka dari ya kitu chochote kinachofaa nje, pamoja na taa, kwa kuwa maji hayafiki huko. Tatizo ni kwamba sharti sakafu iwe wazi: ama deki ni mpya, ama mbao zake zote zinang'olewa.

Wa pili unayakamata chini ya boriti. Paneli za vinili (plastiki ngumu) au alumini zinashikizwa kwenye reli chini ya boriti, zikiinama upande mmoja, na maji yanateremka juu yake mpaka kwenye gata. Sakafu haiguswi, kazi ni ya siku chache, na ndio ninaoufunga mara nyingi. Lakini boriti zinaendelea kulowa kama zamani, na safari hii zimewekewa mfuniko chini unaozipunguzia upepo wa kuzikausha.

Wa tatu ni kuigeuza sakafu ya deki yenyewe iwe paa: unaweka plywood juu ya boriti, unaifunika kwa utando usiopitisha maji, kisha unaweka sakafu ya kukanyagia juu yake. Kuna pia mbao za alumini zinazoshikana ubavu kwa ubavu zisipitishe tone. Ni kazi safi na ghali, na aghalabu hufanywa nyumba ikiwa bado inajengwa.

Shauri langu halijabadilika miaka yote hii. Kama unajua mbao za juu zitang'olewa karibuni kwa sababu yoyote ile, vumilia kulowa kiangazi kimoja zaidi, kisha weka mfumo wa juu ya boriti. Kama sakafu ni nzima, weka wa chini, na uchague wenye paneli zinazofunguka moja moja bila kubomoa nyingine.

Deki yangu ni ya zamani. Naweza kuifunga tu?

Hapa ndipo ninapogombana na wateja, maana mtu ameshachagua rangi ya paneli na mimi naingia chini na tochi.

Dari ikishawekwa, hutaona tena kitu kilichoko juu yake. Kwa hiyo kila unachotaka kukijua kuhusu deki yako, kijue leo. Anza na ubao unaoishikiza deki kwenye ukuta wa nyumba. Deki nyingi zilizowahi kuanguka Marekani ziliachana na nyumba hapohapo, kwa kuwa aliyezijenga alitumia misumari tupu mahali panapotaka bolti au skrubu nene za kazi hiyo. Tafuta vichwa vya bolti. Ukiona misumari peke yake, habari ya dari imekwisha kwa sasa, mwite fundi arekebishe. Juu ya ubao huo panatakiwa pawe na bati la kukinga maji lililopenyezwa nyuma ya ukuta. Lisipokuwepo, maji yanaingia kati ya ubao na nyumba, na mfumo wa paneli za chini hautayazuia hata kidogo.

Halafu chukua bisibisi uchome boriti moja moja, hasa kwenye ncha na chini ya maungio ya mbao za sakafu. Mbao nzima inakataa. Iliyooza inaipokea bisibisi kama muhogo uliochemka. Angalia na vile vyuma vinavyobeba ncha za boriti: kutu ya juujuu si neno, lakini chuma kinachomeguka kwa kidole kibadilishe.

Waliokulia Lamu au Mji wa Kale Mombasa wanajua boriti za mikoko zilizobeba dari za nyumba za mawe miaka na miaka. Zile zimedumu kwa sababu juu yake pana sakafu nene ya mawe na chokaa, tena zimo ndani ya nyumba. Boriti za deki zinanyeshewa na kupigwa theluji kila mwaka, na kinachoziokoa ni dawa zilizotiwa na upepo unaozikausha.

Kuhusu dawa hizo: kama deki ilijengwa kabla ya 2004, huenda mbao zake zimetiwa dawa yenye aseniki, kwani matumizi yake kwenye nyumba za kuishi yalikoma mwisho wa 2003. Kuikanyaga si shida, lakini vipande unavyokata usivichome moto, wala usivitie kwenye jiko la mishkaki. Nimemkuta mtu akifanya hivyo, na nyama zilikuwa zimeshaiva.

Vinili, alumini, au mbao?

Vinili ndiyo rahisi kuliko zote kwa bei, haishiki kutu, na unaiosha kwa sabuni na maji. Udhaifu wake ni joto. Jua likiipiga inatanuka, usiku inasinyaa: paneli ya futi 12 inaweza kusogea nusu inchi kati ya baridi kali na joto kali. Kwa hiyo huwekwa ikiwa huru. Skrubu hazikazwi mpaka mwisho, na kwenye ncha inaachwa nafasi ya robo inchi au zaidi kidogo. Ukiona dari ya vinili imejipinda kama mgongo wa ngamia, ujue fundi aliikaza kwa bidii.

Alumini ni ngumu, haiyumbi, inabaki imenyooka, na rangi yake ya kiwandani inadumu. Bei iko juu ya vinili, na mvua inaipiga kwa kelele. Wengine wanapenda, mimi inanikumbusha bati la nyumbani na usingizi wake. Lakini kuna jambo moja wasilolizingatia mafundi wa haraka. Mbao za baada ya 2003 zina dawa ya shaba, na shaba ikikutana na alumini penye maji, alumini inaliwa. Alumini isigusane moja kwa moja na mbao hizo. Weka tepu au kitenganishi cha plastiki katikati, na tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu au zile ambazo mtengenezaji wa mfumo ameziruhusu. Skrubu za kawaida za ndani ya nyumba hazifai hapa kabisa.

Mbao, za msonobari au mwerezi, ndizo zinazopendeza kuliko zote, sibishi. Lakini hazizuii maji. Ziweke tu chini ya mfumo wa juu ya boriti, uzipake rangi au mafuta pande zote nne kabla ya kuzipandisha, na ukumbuke kwamba zina uzito: mbao za unene wa robo tatu ya inchi zinakaribia pauni 2 kwa kila futi mraba. Kanuni za ujenzi zinaihesabia deki ya kawaida pauni 10 za uzito wake yenyewe na pauni 40 za watu na vitu, kwa futi mraba. Dari inakula kwenye zile 10. Deki iliyojengwa kwa kubania haina nafasi ya anasa.

Mteremko uwe kiasi gani?

Usipungue nusu ya robo inchi kwa kila futi. Mimi hupenda robo nzima pale nafasi inaporuhusu. Kwa deki yenye kina cha futi 12, nusu ya robo inakupa inchi moja na nusu kutoka ukutani mpaka ukingoni. Robo inakupa inchi 3. Na uelekeo ni wa kutoka kwenye nyumba, kamwe usiwe wa kurudi ukutani.

Dari ya kwanza niliyoifunga hapa niliipima kwa pima maji ikakaa sawasawa kama meza ya sonara. Nikaisifu mwenyewe. Mvua ya pili ilipokwisha mwenye nyumba alinipigia: paneli tatu zilikuwa zimebonyea kwa maji, na mbu walishahamia. Nilizishusha zote, nikavuta uzi upya ukutani na ukingoni, nikafanya kazi ile mara mbili kwa malipo ya mara moja. Tangu hapo uzi navuta kwanza, kisha namwita mwenye nyumba auone mwinamo kwa macho yake. Wengine wanasema dari imekaa upande. Nawaambia ndiyo, imekaa upande kwa makusudi.

Maji yakifika ukingoni yanakwenda wapi?

Kwenye gata, kisha kwenye bomba la kushuka, kisha mbali na msingi wa nyumba. Swali hili wateja hawaniulizi, nalijibu bila kuulizwa. Nyumba nyingi zenye deki ndefu huku zina chumba cha chini ambacho mlango wake unatokea hapo hapo chini ya deki. Ukiyakusanya madebe 28 na kuyamwaga yote kwenye kona moja karibu na ukuta, umeyaondoa kwenye viti na kuyaingiza kwenye zulia la chumba cha chini. Ongeza bomba liyatoe futi kadhaa nje, mahali ardhi inapoteremkia, na usimmwagie jirani.

Kimo je? Hapatakuwa pafupi?

Pima kutoka sakafuni mpaka chini ya boriti, utoe mteremko na unene wa reli. Mfumo wa chini ya boriti unaweza kula inchi 4 hadi 6 upande wa ukingoni. Kama una futi 7 na nusu hapo, bado sawa. Kama una futi 7 kamili, warefu watainama, na dari yenye feni usiifikirie.

Naweza kuweka taa na feni?

Unaweza, na kwa joto la mwezi wa saba feni ni nusu ya raha yenyewe. Lakini soma boksi. Vifaa vya nje vina alama mbili: kilichoandikwa "DAMP" kinavumilia unyevunyevu wa hewa, kilichoandikwa "WET" kinavumilia kumwagikiwa. Chini ya mfumo wa juu ya boriti uliofungwa vizuri, cha kwanza kinatosha. Chini ya paneli za aina ya pili nachukua "WET", kwa sababu nyaya zinapita juu ya paneli, mahali maji yanapopita. Feni ishikizwe kwenye kisanduku cha chuma kilichotengenezwa kubeba feni na kilichofungwa kwenye boriti, usiitundike kwenye paneli. Mapanga yawe angalau futi 7 kutoka sakafuni. Soketi za nje ziwe za GFCI, yaani zinazokata umeme zenyewe unapovuja. Kazi hii mpe fundi umeme mwenye leseni, na nyaya zipitishwe kabla paneli hazijapanda.

Na kuchoma nyama?

Ndugu zangu, najua. Deki bila nyama choma ni mbao tu. Lakini vinili inaanza kulegea karibu nyuzi 160 za Fahrenheit, kama 71 za Selsiasi, na moshi wa jiko lililofunguliwa unazidi hapo kwa wepesi. Nimebadilisha paneli zilizoning'inia kama tambi juu ya jiko la gesi, wiki moja tu baada ya kufungwa. Chini ya alumini paneli haitayeyuka, lakini boriti zilizo juu yake ni mbao, na mafuta ya nyama hushika moto ghafla. Jiko likae nje kabisa ya kivuli cha deki. Watu wakae chini ya dari, nyama iletwe.

Majira ya baridi yataiharibu?

Theluji yenyewe hukaa juu ya sakafu. Shida ni inapoyeyuka mchana na kuganda usiku: maji yanasimama ndani ya mifereji, yanakuwa barafu, mvua inayofuata inakosa njia. Mteremko wa kutosha na gata safi kabla ya mwezi wa kumi na mbili vinamaliza sehemu kubwa ya tatizo. Mahali penye baridi kali kama Minnesota, watu hulaza waya wa joto ndani ya gata. Vinili kwenye baridi hiyo inakuwa kama ganda la yai, kwa hiyo usiigonge kwa ngazi wala koleo la theluji.

Wadudu na majani?

Nafasi kati ya sakafu na dari ni hoteli. Nyigu wanaipenda, panya wanaipenda, na kindi akipata tundu la ngumi moja analeta ukoo mzima. Maryland tuna na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao tundu la duara kama la dreli. Ziba ncha zote kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, unaopitisha hewa. Usizibe kwa povu, maana boriti zinahitaji kupumua.

Majani madogo na vumbi la maua hupenya kati ya mbao na kutengeneza matope juu ya paneli. Ndiyo maana nasisitiza paneli zinazofunguka. Mara mbili kwa mwaka shusha paneli ya kwanza karibu na ukuta, ingiza mpira wa maji, acha uchafu usukumwe mpaka kwenye gata.

Nahitaji kibali?

Inategemea kaunti au mji wako. Kwa kawaida umeme una kibali chake peke yake. Piga simu ofisi ya vibali, ni dakika tano. Kama mtaa wenu una chama cha wamiliki wa nyumba, soma kanuni zake kuhusu rangi na vitu vinavyoonekana kutoka nje kabla ya kulipa malipo ya awali. Chama kikikataa rangi, paneli zilizokwisha kukatwa hazirudishwi dukani.

Naweza kuzungushia kuta nipate chumba?

Wavu wa mbu, ndiyo, na napendekeza. Chumba cha kulala, hapana. Chumba kinataka paa halisi, msingi, na kinga ya joto na baridi, na dari ya chini ya deki haikutengenezwa kuwa paa la nyumba.

Nina nyumba Kigamboni yenye baraza chini ya roshani ya zege. Haya yananihusu?

Kidogo tu. Zege halina nafasi kati ya mbao, kwa hiyo likivuja, ugonjwa uko juu: ufa, vigae vilivyolegea, au tundu la kutolea maji lililoziba. Tibu huko kwanza. Ukifunika uvujaji kwa dari, utakuja kuona madoa ukiwa umeshachelewa, na nondo ndani ya zege zitakuwa zinashika kutu. Baada ya hapo paneli za PVC zinafaa sana, ila karibu na bahari reli za chuma za kushikizia zisiwe za bei ya chini, chumvi ya upepo haizisamehi. Mwambie fundi atumie za alumini au mbao zilizotiwa dawa.

Nifanye mwenyewe?

Paneli za vinili, kama una msaidizi mmoja, ngazi mbili imara na subira ya kuvuta uzi, unaweza. Mfumo wa juu ya boriti nao si mgumu kwa anayejenga deki yake mwenyewe. Ugumu uko kwenye tepu za maungio, ambazo hazitaki vumbi wala haraka. Alumini inataka msumeno wenye meno yake na mkono uliozoea.

Ukimpa fundi, bei alizoandika zitenganishe paneli, gata, mabomba ya kushushia na umeme, kila kimoja na namba yake, kwa sababu "dari" kwa bei ya mkupuo mara nyingi haina gata ndani yake. Na bakisha sehemu ya malipo. Siku ya kumaliza, panda juu na mpira wa maji, mwaga kwenye sakafu dakika ishirini ukianzia karibu na ukuta, na fundi wako akae chini kwenye kiti, bila mwavuli.